Wakubwa Wanakula Mwisho

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuwa mwanajeshi wa Marekani huniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, halafu huuliza swali lile lile: uliua mtu? Nawajibu kwamba niliua viazi. Niliviua kwa magunia, asubuhi baada ya asubuhi, katika jiko la kambi moja ya Wamarekani huko Ujerumani. Na kama kuna anayeona kwamba hiyo haikuwa kazi ya askari, aende akakaange mayai ya kambi nzima kabla jua halijachomoza, halafu arudi tuongee.

Wapo pia wanaoniuliza, hasa wanaume wa kwetu Kenya wakishashiba, mimi msichana wa Kitale nilikuwa natafuta nini katika jeshi la watu wengine. Nilikuwa natafuta kazi. Nilishinda bahati nasibu ya green card, nikafika Marekani, nikafagia ofisi za watu mpaka nikachoka, nikajiandikisha. Sikuomba ruhusa ya mtu wakati ule na siombi radhi sasa, ninapoishi Sydney na mume niliyemfuata huku, tukimlea binti anayeelewa Kiswahili chote na kunijibu kwa Kiingereza.

Kwa miaka mingi hapa sikuwa na mtu wa kuzungumza naye habari za kambi ile. Mume wangu ni muuguzi, mtu mpole, lakini akisikia neno Ujerumani anajua hadithi ndefu inakuja, na anakumbuka ghafla kwamba nyasi za uani zinahitaji kukatwa. Halafu siku moja, kwenye maegesho ya magari ya maduka ya Bankstown, mtaa mmoja wa hapa Sydney, nikamwona mwanamume akitembea na mifuko ya ununuzi. Mifuko ilikuwa mingi na mizito, unga na mchele na chupa za mafuta, na yote ilikuwa katika mkono wa kushoto. Bega lilikuwa limemlalia upande mmoja na plastiki ilikuwa inamkata vidole. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia bure, hauna hata funguo.

Nikasimama. Hakuna mwenye akili zake anayebeba mizigo namna hiyo, isipokuwa mtu aliyefundishwa kwa kufokewa kwamba mkono wa kulia ni wa saluti na lazima uwe huru, maana hujui afisa atatokea kona ipi. Mimi mwenyewe nabeba hivyo hadi leo. Binti yangu alijifunza kutembea akigombania mkono wangu wa kushoto na mifuko ya sokoni.

Nikamuuliza kwa Kiingereza alitumikia wapi. Akashtuka kama mwizi aliyemulikwa tochi. Alipojibu nikasikia kwao katika ulimi wake, nikahamia Kiswahili, naye akaweka mifuko chini akacheka mpaka mama mmoja aliyekuwa anasukuma kigari akatuzunguka mbali. Alikuwa Mkongomani wa Uvira. Alikulia kambi ya wakimbizi, akapelekwa Marekani, akaingia jeshini akawa fundi wa malori, na baadaye akaja Sydney kumfuata mke aliyekuwa amepewa makazi huku. Tulipotajiana kambi tulizokaa, ikawa ni ile ile. Tulipotajiana miaka, ikawa imepishana kidogo tu.

"Kumbe ni weye," akasema. "Ni weye ulikuwa unatupatia nyama kidogo. Ile kijiko yako ilikuwa na roho mbaya sana."

Nikamwambia nilipakua kadiri nilivyoamriwa. Hakukubali, na hajakubali hadi leo. Lakini tulipoacha kucheka kuna jambo lilituuma wote wawili. Ina maana asubuhi nyingi alipita mbele yangu na trei yake, jina lake limeshonwa kifuani, nami nikamwekea mayai, na hakuna aliyemwambia mwenzake habari za asubuhi kwa lugha yetu. Nilikuwa na upweke mwaka ule wa kwanza, upweke wa kulia kwenye stoo ya unga, na mtu wa kuzungumza naye alikuwa hapo, ng'ambo ya kaunta.

Tangu siku ile tumekuwa tukikutana, mara Bankstown kwa kahawa, mara nyumbani kwangu karibu na Parramatta, na mashine ya nyasi ikinguruma uani. Tunakumbushana. Yeye anakumbuka baridi, spana zilizokuwa zikimganda vidoleni na theluji iliyolala juu ya maturubai. Mimi nakumbuka joto, mvuke wa masufuria na oveni zilizonichoma mikono hadi kwenye kiwiko. Ukitusikiliza utadhani yeye aliishi kambi ya majira ya baridi tupu na mimi ya kiangazi tupu. Tunakubaliana juu ya mkate wa duka lililokuwa nje ya lango, na juu ya yule mama wa Kijerumani aliyeosha vyombo nami, aliyenigombeza kila nilipotupa chupa kwenye pipa lisilo lake.

Tunakubaliana pia juu ya tarumbeta ya jioni. Bendera ikishushwa muziki ulipigwa kwenye vipaza sauti, na kila gari ndani ya kambi lilisimama, dereva akashuka, akakakamaa kuelekea bendera. Siku moja yeye alishuka kwenye lori na mikono yake ya oili, akasimama, na nyuma yake dereva wa Kijerumani aliyeleta maziwa, ambaye huenda ilikuwa siku yake ya kwanza, akaona bora naye ashuke, akasimama vile vile, amebana kofia kwapani. Hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi na bado nacheka.

Lakini kumbukumbu tunayoirudia kuliko zote ni ya kanali. Tulikuwa mazoezini msituni, wakati wa theluji, nami nilikuwa nimeletwa na lori la chakula. Jeshini foleni ya chakula ina sheria yake: askari wa chini kabisa wanatangulia, halafu makoplo, halafu masajini, halafu maafisa, na mkubwa wa wote anakuja mwisho. Siku ile kikundi cha kikosi kingine kilichopotea njia kilitokea porini, wana njaa, na sajini wangu akasema walishwe. Nikapakua. Kanali alipofika mbele yangu trei ya kuku ilikuwa tupu, imebaki na mafuta yaliyoganda.

Nilishika upawa mkononi kama mtu anayengojea hukumu. Kanali akatazama trei, akanitazama mimi, akauliza kama kuna mkate. Mkate ulikuwapo, na jamu. Akala akiwa amesimama kwenye theluji, akashukuru, akaenda zake.

Sijui kama kanali yule alikuwa mtu mwema. Huenda alikuwa na kiburi cha kutosha. Lakini alijua foleni, na hakufanya tukio hilo kuwa hotuba. Rafiki yangu alikuwapo siku hiyo, na hadi leo hujigamba kwamba aliyechukua kipande cha mwisho ni yeye. "Miye ndiye nilikula kuku ya kanali," husema, na hujipigapiga tumbo.

Na Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani ilipofika, maafisa walivaa sare zao za buluu, nishani zikiwa zimejipanga kifuani, wakasimama nyuma ya trei za bata mzinga wakatupakulia sisi. Nilivua aproni nikaketi. Kapteni aliniuliza kama nataka mchuzi zaidi. Nilitaka.

Sasa nije hapa kwetu. Rafiki yangu ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu, Wakongomani wengi na sisi Wakenya wachache na Warundi kadhaa, na watu humwita Prezida. Wanampenda, na wana sababu. Mtu akipata barua ya serikali asiyoielewa humpigia yeye. Mimi walinipa jiko, kwa kuwa ndimi ninayejua kupikia ukumbi mzima bila kupiga kelele. Kila mwisho wa Novemba tunafanya karamu ya mwaka, na kila mwaka ilikwenda namna moja. Kunakuwa na meza kuu yenye kitambaa cheupe na maua, wanaketi komite, wachungaji na wageni rasmi. Wanapelekewa maji ya kunawa, wanapelekewa chakula kwanza, na nyama iliyo bora. Watoto wanangoja. Wanawake waliopika tangu alfajiri wanakula wakiwa wamesimama jikoni, kama kimebaki kitu.

Mwaka juzi hakikubaki. Kulikuwa na dada mmoja mdogo, mama wa watoto, anayefanya kazi ghalani, kufunga mizigo shifti ya jioni. Ndiye hupika sombe, mboga ya majani ya muhogo, na sombe yake watu huisifu mpaka kwenye maikrofoni. Alipika, akapakua, akabeba, na muda wake wa treni ulipofika sufuria zilikuwa zimekombwa hadi chini. Akavua kofia ya plastiki kichwani, akajifuta uso, akaenda kufunga mizigo ya watu mpaka usiku wa manane bila kuweka kitu tumboni. Kwenye meza kuu walikuwa wanachokonoa meno. Nilikasirika hasira ambayo haijaniisha.

Kwa hiyo mwaka jana, wiki chache kabla ya karamu, nilimwambia Prezida kwamba nitapika kwa sharti moja. Waliopika na watoto watakula kwanza, komite itavaa aproni na kupakua, na yule dada ataketi kwenye kiti na kula kabla hajaenda kazini. Yeye alijua nimelitoa wapi. Akacheka, akasema ndiyo, kama Sikukuu ya Shukrani kule kambini, akapiga saluti. Nami nikaenda kumwambia dada yule kwamba mwaka huu atakula ameketi. Nilimpa neno langu.

Siku ilikuwa na joto kali. Tulikuwa jikoni mwa ukumbi wa kukodi tangu asubuhi. Mbuzi tulimnunua Bankstown, majani ya muhogo yaliyogandishwa tuliyafuata Cabramatta, na jasho lilikuwa letu wenyewe. Chakula kilipoiva nilikipanga kwenye trei, nikakifunika kwa foili, nikachungulia ukumbini. Meza kuu ilikuwa imejaa. Kitambaa cheupe kilikuwapo, na maua. Prezida alikuwa katikati, ndani ya suti, karibu na mchungaji mgeni. Hakuna aliyevaa aproni.

Nikangoja. Akaja msichana wa itifaki kuchukua sahani za meza kuu, nikamwambia arudi amwite Prezida. Akaja mwenyewe, akainama kwenye dirisha la jiko, uso umekunjamana.

"Dada, leo bageni beko pale," akanong'ona. "Ile mambo tutaifanya mwaka ingine."

"Tulikubaliana."

"Najua tulikubaliana. Sikujua mchungaji atakuya na bazee bake. Nitabaambia nini?"

"Usiwaambie kitu. Vaa tu." Nikamsukumia aproni yangu mwenyewe kupitia dirishani.

"Batu beko na njala, Sajini. Usinipatishe haya mbele ya batu."

Hunipa cheo nilichomaliza nacho jeshini anapotaka kunilainisha. Nikaweka mikono yote miwili juu ya foili. "Nani alikula kuku ya kanali?" nikamuuliza.

Akaiacha aproni juu ya dirisha, akarudi kwenye kiti chake. Sitasema uongo, moyo uliniuma. Kama angekuwa mtu mwingine ningesema hajui. Huyu alikuwa anajua, na alikwenda kuketi.

Binti yangu alikuwa mlangoni. "Mum, just serve them," akasema. "Everyone's looking."

"Waangalie."

Nikafunua pembe za trei tu. Nikachukua sahani, nikaweka wali, nyama ya paja la mbuzi, sombe ya kutosha, nikamshika yule dada mkono nikatoka naye ukumbini. Alikuwa bado na kofia ya plastiki kichwani. Tulipita mbele ya meza kuu yote, nikavuta kiti cha mstari wa mbele, nikamketisha, nikamwekea sahani mapajani.

Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa sijakifikiria. Hakula. Alishika kijiko na macho yake yakabaki chini. "Mama, miye niko sawa," akaninong'oneza. "Bazee habayakula. Nitakula ku kazi." Na nilijua hatakula ku kazi, kwa sababu huko kuna mashine ya chipsi tu. Amelelewa vizuri mno. Asingeweza kumeza mbele ya wazee wenye njaa, hata mimi nimsimamie na upawa. Nilikuwa nimempa sahani, lakini ruhusa ya kula haikuwa yangu kuitoa. Ilikuwa kwenye kitambaa cheupe. Treni yake haikuwa mbali.

Sikurudi jikoni. Nilisimama kando ya kiti chake, miguu pamoja, nikamtazama Prezida. Mchungaji alikohoa. Mzee mmoja wa komite akasema kwa sauti kwamba wanawake wa siku hizi wameharibiwa na Australia. Nikamwambia mimi niliharibiwa Ujerumani, miaka mingi kabla.

Prezida akainuka shingo upande, mdomo ameubana. Katika mkono wa kulia alikuwa na simu, karatasi ya ratiba na chupa ya maji. Nikaona anavihamisha vyote, kimoja kimoja, hadi mkono wa kushoto. Sidhani alijua anafanya hivyo. Kisha akaviweka mezani, akaenda mpaka dirisha la jiko, akachukua aproni yangu akaifunga juu ya suti. Ilikuwa fupi, haikumfunika hata tumbo. Hakutoa hotuba. Akaingia ndani, akatoka na trei, akaanza na watoto.

Mtunza hazina akamfuata, na katibu naye, wakipigana vikumbo wasijue upawa unashikwaje. Yule mzee aliyesema nimeharibika hakuinuka, wala mchungaji. Ni sawa. Waliketi mbele ya maua yao wakingoja zamu yao.

Yule dada alipoona Prezida anapakua, akainamisha kichwa na kuanza kula. Alikula haraka mwanzoni, halafu polepole. Alikula sombe yake mwenyewe, ile ambayo watu walikuwa wanaisifu kwenye maikrofoni. Sahani ilipoisha akabaki ameishika, anaona haya kuomba, na Prezida akampitia. "Naongeza?" akamuuliza. Akasema ndiyo. Akamwongezea nyama, nyingi, na huku akinitazama mimi ili nione upawa wenye roho nzuri unavyofanya kazi. Kisha dada akanawa, akachukua mkoba wake, akawahi treni.

Wenye meza kuu walipata, ingawa hawakupata mapaja. Mimi na Prezida tulikuwa wa mwisho. Tulikutana jikoni, suti yake ina mafuta ya mbuzi begani. Nikamfunulia trei moja baada ya nyingine, zote zikiwa zimekwanguliwa. Akazitazama, akanitazama mimi.

"Iko mkate?" akauliza.

Ulikuwapo, mkate wa dukani uliobaki kwenye chai ya asubuhi. Tukaula tukiwa tumesimama, na ukoko wa wali. Hakuniambia pole na sikumwambia asante. Aliniambia tu kwamba kanali yule lazima alikuwa na njaa sana siku ile, kwamba hajawahi kulifikiria kabla.

Lililofuata ni la kawaida. Mchungaji alilalamika, wazee wakalalamika, komite ikakaa kikao. Prezida alinitetea akashindwa kwa kura. Karamu ya mwaka huu imepewa kampuni ya chakula, itakayoleta kila kitu kwenye visanduku, na meza kuu imerudi na kitambaa chake. Wamenipokonya jiko, wakidhani jiko ndilo nililokuwa nalitaka.

Nitakwenda. Nimeshamwambia yule dada tutaketi pamoja, mstari wa mbele, na kama visanduku vitaanzia kwenye maua nitasimama tena, safari hii hata upawa sina. Binti yangu ameuliza, kwa Kiingereza chake, kama anaweza kuketi nasi. Na juzi nilimpigia Prezida nikamwomba anirudishie aproni yangu, ile fupi aliyoondoka nayo. Akasema hapana, bado anaihitaji.